Nilimsingizia Mungu

Mombasa, Jumapili alasiri

Mwanangu Wakesho,

Umekwenda na mama yako kuwaaga watu wa kanisa, na mimi nimesingizia goti nikabaki nyumbani. Goti haliniumi. Nilitaka nyumba iwe kimya nipate kuandika, maana haya ninayotaka kukwambia nimeyajaribu kwa mdomo mara nyingi, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula.

Mambo ya sweta na baridi ya bara na marafiki wabaya sitayagusa. Mama yako amekuhubiria hayo mpaka umeziba masikio. Kuhusu wavulana sina wasiwasi, kwa mwendo wako ule wa mbio hakuna atakayekufikia. Kesho jioni gari la moshi litakuchukua, maana barabara ya Nairobi mvua hizi zimeikatakata, na keshokutwa utakuwa mwanafunzi wa uuguzi. Nafurahi mpaka naona haya. Lakini sikuketi hapa kwa ajili ya kukusifu.

Alhamisi mama yako alipokuwa akikupangia sanduku, alitia juu ya nguo kile kitabu cha sala cha marehemu nyanya yako. Wewe ukakitoa, ukakiweka mezani taratibu, bila hasira, ukamwambia, "Mama, usinitilie hiki. Mimi niliomba mara moja kwa moyo wangu wote, na Mungu hakunisikia. Tangu siku ile huwa naimba tu." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia natafuta viatu, nikabaki nimeinama palepale kama mwizi.

Naijua siku uliyoomba. Ulikuwa na miaka tisa. Uliomba kwa ajili ya ndugu yako Mwakio, naye alikuwa na miaka mitano, na Mwakio akafa. Tangu hapo una swali moja: kama Mungu ni mwema, kwa nini alimwacha mtoto yule afe? Umeniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikujibu kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mara ya pili nilikukemea nikasema Mungu hahojiwi. Mwanangu, nilikuwa nakudanganya. Mwakio hakufa kwa malaria kama ulivyoambiwa. Nitakueleza alivyokufa, na ukifika mahali pabaya usiirarue karatasi, endelea kusoma.

Unajua nilikuwa nafanya kazi katika godauni moja kule Shimanzi. Usilolijua ni kazi gani hasa. Tulipokea dawa za kuulia wadudu wa mashambani. Zilikuja katika mitungi ya plastiki ya lita ishirini, ya buluu, mizito, yenye vifuniko vya kukaza. Wenzangu walizimimina katika chupa ndogo za kuuziwa wakulima, na mtungi mtupu ukaletwa kwangu. Kazi yangu ilikuwa kuutoboa. Nilipewa nondo yenye ncha na amri moja tu: kila mtungi matundu matatu, asije mtu akautilia maji. Hiyo ndiyo kazi iliyokulisha, Wakesho. Nililipwa mshahara ili watu wasinywe sumu.

Na kila mtu pale alichukua mtungi wake siku moja au nyingine. Ukiuacha bila kuutoboa, wenzako walisema, "Huu umesamehewa," tukacheka. Unakumbuka shida ya maji ya miaka ile. Mfereji ulitoa maji kwa saa moja tu, alfajiri, na siku nyingine ulikohoa tu. Kisima cha nyumba hii ni cha chumvi, cha kufulia. Maji ya kunywa tulinunua kwa watu wa mikokoteni, na mitungi yetu miwili ilikuwa imechoka, mmoja una kiraka alichokiyeyusha mama yako kwa kisu cha moto. Kila siku alinikumbusha. "Baba Wakesho, kwenu Shimanzi kumejaa mitungi, sisi twaweka maji kwenye kiraka?" Hakujua mitungi ile ilikuwa ya nini. Mimi nilijua.

Basi Jumamosi moja nilisamehe mtungi. Niliubandua karatasi yenye fuvu la kichwa, alama ya sumu, nikaja nao begani mpaka huku kwetu Ndia Kuu, watu wananisalimu. Nikauosha uani kwa mchanga, kwa sabuni ya unga, kwa maji moto. Nikausuuza mara tatu. Harufu ikapungua lakini haikwisha. Sasa sikiliza ujinga wa baba yako. Miaka yote tuliyoishi chini ya paa la Bi Zuhura, mwenye nyumba wetu, nilimwona akifukiza mtungi wake wa maji kwa ubani, maji yakatoka yananukia. Nikamwendea nikamwomba chetezo chake. Akaniuliza ni cha nini, nikamwonyesha mtungi. Akauinamia, akavuta pumzi, akarudi nyuma.

"Wanuka huu, baba Wakesho."

"Ni harufu ya plastiki, Bi Zuhura. Ubani utaiondoa."

"Ubani hufukizwa mtungi safi," akasema. "Mchafu hausafiki kwa ubani. Na Mngu hakutupa pua tuvae kipini tu."

Nikacheka, nikachukua chetezo. Nikaufukiza mtungi ule mpaka ukanukia kama bibi harusi, nikaujaza maji ya kunywa, nikauweka pembeni mwa jiko. Nilijiona fundi.

Jumapili baada ya ibada mama yako alibaki kanisani kwenye kikao cha wanawake. Mimi, wewe na Mwakio tukarudi. Nikajilaza. Nilimsikia Mwakio akiomba maji, na nikakusikia wewe ukimpa. Akasema, "Dada, haya maji matamu, niongeze." Ukamwongeza.

Simama hapa kidogo, Wakesho. Najua moyo wako umerukia wapi, na hapo ndipo nilipojificha miaka yote hii. Nilijiambia, siwezi kusema ukweli, maana ndani ya ukweli huo umo mkono wa mtoto unaomimina kikombe. Nilijiambia nakukinga wewe. Aka! Nilikuwa najikinga mimi. Wewe ulimpa ndugu yako maji kwa sababu alikuwa na kiu. Sumu niliiweka mimi, nikijua ni sumu. Hakuna siku ambayo mbingu wala dunia imekuhesabia wewe jambo hili, na ukijihesabia utakuwa unanionea huruma nisiyoistahili.

Haikupita saa moja akaanza kutapika. Mate yakamtiririka, jasho likamlowesha. Nikamtazama macho, mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Mwanangu, dalili hizo nilizijua. Nyapara wetu alikuwa ametufundisha: mate, jasho, mboni ndogo. "Mkiziona, mkimbizeni mtu hospitali na mtaje jina la dawa," alituambia. "Jina la dawa, msisahau." Nilimbeba Mwakio mbio, wewe ukinifuata peku.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akamshika mtoto, akanigeukia. "Mzee, amekula nini? Kuna dawa yoyote nyumbani? Ya panya, ya mende, ya shamba?"

Nikasema, "Hakuna, Daktari."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nimetafuta miaka yote maneno hayo yalitoka wapi. Niliona kazi imepotea. Niliona polisi. Zaidi ya yote niliona uso wa mama yako. Hizo ndizo sababu zangu tatu, na zote pamoja hazikufika uzito wa ukucha wa mtoto yule. Nilidhani atatapika yatoke, apone, na hakuna atakayejua. Daktari akamtibu kwa alivyoambiwa.

Nikaenda ukumbini. Nikakukuta umepiga magoti kati ya benchi mbili, miguu ina vumbi, umefumba macho kwa nguvu mpaka paji lote limekunjamana. Ulikuwa ukisema, "Mungu, mwambie daktari dawa ya Mwakio. Mwambie tu." Maneno hayo nayasikia hadi leo. Na mimi nilifanya nini? Nilipiga magoti kando yako, nikaomba pia.

Unaelewa, Wakesho? Ulimwomba Mungu amwambie daktari. Na Mungu alikuwa amekwisha kumleta mtu anayejua, mwenye miguu miwili na ulimi, hatua ishirini kutoka kitandani. Jibu la ombi lako lilikuwa limepiga magoti kando yako, linaomba muujiza lisije likasema kweli. Sijui kama Mwakio angepona. Labda tulichelewa. Nitakufa bila kujua. Lakini usiseme tena kwamba Mungu hakukusikia. Alikusikia, mimi ndiye niliyekataa kwenda.

Aliaga dunia kabla mama yako hajafika.

Jumatatu niliutoboa ule mtungi, matundu matatu, kama nilivyoamriwa. Bi Zuhura akaniuliza u wapi, nikamwambia ulivuja. Akanitazama sana, akasema, "Haya," akarudi zake ndani. Tukaenda kumzika Mwakio kwetu Taita. Kaburini niliambiwa niseme neno, nikasimama nikasema kwa sauti kubwa, "Ndugu zangu, kazi ya Mungu haina makosa." Watu wakalia. Wakasema, tazama imani ya mtu huyu. Wewe ulikuwa umeshika sketi ya mama yako, ukaniinulia macho, na nadhani siku ile ndiyo uliyofunga mlango wako kwa Mungu. Na ulikuwa na haki ya kuufunga, maana Mungu niliyekuonyesha alikuwa ndiye aliyemwua ndugu yako, na juu ya hayo anataka asifiwe.

Nilimsingizia, mwanangu. Mtu akimsingizia jirani hupelekwa kwa wazee. Mimi nilimsingizia Mungu nikafanywa mzee wa kanisa! Ndiyo. Kwa ajili ya yale maneno ya kaburini, wakaanza kunituma kwa wafiwa. Nyumba kwa nyumba, kilio kwa kilio, nikawa naenda na sentensi yangu moja kama mchuuzi mwenye bidhaa moja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu na ilipambwa.

Ilikatika Makupa, miaka mitatu iliyopita. Mama mmoja alikuwa amefiwa na mwanawe, aliyegongwa na lori ambalo dereva wake alikuwa amelewa. Nikakaa mkekani, nikatoa sentensi yangu. Yule mama akaacha kulia. Akaniuliza, "Mzee, huyo Mungu wako ndiye alikuwa anaendesha lile lori?" Akaendelea, "Basi mwache. Mimi namhitaji usiku wa leo. Usinifanyie awe adui yangu." Nilitoka pale, nikaenda nyumbani, nikamwambia mama yako yote.

Ya mimi na mama yako ni marefu. Kwa muda wa miezi hakuniita kwa jina lolote. Alinipakulia chakula, akaniwekea, akaondoka. Siku moja akasema, "Nimekusamehe, lakini usiniombe nisahau. Na Wakesho umwambie wewe, mimi sitakubebea hilo." Miaka mitatu amengoja, na mimi nimekuwa nikikuuliza kama umekula.

Sasa swali lako. Mimi ni mtu wa mitungi na nondo, sikusoma mambo ya dini chuoni. Nitakwambia nilipofika tu. Kwanza, mengi tunayomwuliza Mungu kwa nini ameyaruhusu, yeye angeweza kutuuliza sisi. Alinizuia kwa amri ya kazini. Alinizuia kwa nondo iliyokuwa mkononi mwangu, kwa pua yangu mwenyewe, kwa mdomo wa Bi Zuhura, kwa swali la daktari, tena mara mbili. Ila hakunikamata mkono. Na kweli nakwambia, nilimkasirikia kwa hilo. Kwa nini hakunikamata? Kwa nini hakunipooza ulimi niliposema "hakuna", au hakuuangusha ule mtungi ngazini? Nimefikiri sana. Angenikamata mimi, angewakamata wote, na dunia ingejaa watu wanaovutwa kwa kamba, wasioweza kuua wala kupenda. Mikono iliyoharibu ndiyo mikono iliyombeba Mwakio siku aliyozaliwa, na Mungu hakunipa miwili ya wema na miwili ya uovu. Hilo nalielewa kichwani.

Moyoni bado linauma, maana kosa lilikuwa langu na aliyekunywa ni mtoto. Hapo sina jibu. Tena kuna maovu ambayo hakuna mtu aliyeyafanya: mtoto anazaliwa na moyo mbovu, mvua inabomoa nyumba ya mjane. Atakayekwambia anajua sababu ya kila moja, mwogope, huenda anaficha mtungi wake kama mimi.

Ninachokishika ni kimoja. Nilizoea kumtafuta Mungu upande wa wanaoamua nani afe. Siku hizi, nikitazama msalaba pale mbele kanisani, namwona yuko upande wa anayekufa. Na wale waliomwua hawakuwa na pembe. Walikuwa na sababu kama zangu: mmoja aliogopa kupoteza cheo, mwingine aliogopa watu, na mkubwa wao akanawa mikono. Mwana akalia akauliza kwa nini ameachwa, na hakujibiwa papo hapo. Kwa hiyo swali lako halimchukizi Mungu, Wakesho. Mwanawe mwenyewe aliliuliza. Baba aliyekukemea kwa kuliuliza ni mimi, na nilikukemea kwa hofu.

Sikuombi ukirudishe kile kitabu sandukuni. Hilo ni lako na lake. Nakuomba tu, ukimkataa Mungu, umkatae kwa alilolifanya yeye. Usimkatae kwa langu.

Na wodini utakutana na mimi. Atakuja amebeba mtoto, shati limelowa, na utamwuliza kama kuna dawa nyumbani, naye atasema hakuna. Usiondoke. Mtume daktari kando, mketishe mtu yule, mwambie hakuna polisi hapa, hakuna mkewe hapa, ni mimi na wewe na mtoto. Mwulize mara ya tatu, kwa upole. Mimi niliulizwa mara mbili, na nafikiri ya tatu ingenivunja. Sisemi haya kumlaumu yule kijana, alifanya kazi yake. Na wakikuuliza wafiwa kwa nini Mungu ameruhusu, keti nao. Waletee maji. Usiwape sentensi.

Nilikusudia kuitia barua hii katikati ya nguo zako, uisome ukiwa umeshapita Voi. Nilikuwa nimeshapanga yote. Halafu nikaona huo ni uoga uleule, nimeupa tiketi tu. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo ukiingia, na nitakaa kwenye kiti hiki mbele yako mpaka umalize. Unipige makofi, ulie, ukae kimya, uniulize lolote, nitajibu lolote. Ukitaka kesho uende stesheni na mama yako peke yake, nitashusha sanduku mpaka mlango wa chini na kurudi juu. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nenda ukawe muuguzi mwema vivyo hivyo.

Nawasikia mnapanda ngazi. Unacheka kitu alichokisema mama yako, na nakipenda kicheko hicho kuliko chochote nilicho nacho duniani, na najua nakuja kukikatiza. Naweka kalamu nikufungulie mlango.

Ni mimi baba yako, na baba yake Mwakio.